Jibu la Swali la Tisa: Anachotaka Kujifunza Fundi wa Miaka Ishirini na Saba

Sulemani bin Idrisi,
Fundi wa Mitindo ya Nguo,
Majengo, Embu.
11 Machi 1957

Kwa Bwana Katibu,
Kamati ya Mafunzo ya Mafundi wa Nguo,
Embu.

Bwana Katibu mheshimiwa,

Salamu kwanza, na la pili ni kuomba radhi kwa kuchelewesha fomu yenu. Si ukaidi. Maswali, la kwanza mpaka la nane, niliyajibu palepale kwenye ukumbi wa mkutano wenu nikiwa nimesimama, kwa penseli ya kuazima: jina, umri, dini, cherehani ya mkono au ya mguu. Lakini swali la tisa lasema, "Wewe fundi mwenye uzoefu, ungependa kujifunza nini katika mkutano ujao?" na chini yake mmeacha mstari mmoja. Niliupima kwa utepe. Ni inchi tatu na nusu. Ndani ya inchi tatu na nusu naweza kukutilia matundu matatu ya vifungo, tena mazuri, lakini siwezi kutia miaka ishirini na saba ya kazi. Kwa hiyo nimetafuta karatasi zangu mwenyewe, nimekaa chini, na najibu.

Huenda hunijui. Mimi ndiye Sulemani wa duka la milango miwili nyuma ya msikiti. Nimeshona kanzu, sare za skuli, suruali za makarani, na makoti ya machifu wawili ambao hawasalimiani lakini wote wawili wanataka kola ya namna moja. Wako mafundi wanaoshona walichoonyeshwa. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunabuni. Mtu alikuja na kitambaa na maneno matupu, akaondoka na koti ambalo jana yake halikuwapo duniani. Sisemi haya kwa kujisifu. Fundi akijisifu watu humtazama suruali yake mwenyewe, na yangu ina kiraka.

Basi nayaleta malalamiko yangu kwa utaratibu, nimeyapa nambari ili yasipotee njiani.

1. Kuhusu sindano. Barua yenu ya mwaliko ilisema mkutano ni wa mafundi wenye uzoefu usiopungua miaka kumi. Tulikuja kumi na tisa: wa Karurumo, wa Kianjokoma, wa hapa mjini, na wanne kutoka Meru. Kila mmoja alikuja na kibali cha kusafiri mfukoni. Mzee Mithika wa Kangeta, ambaye kwa ushonaji ni baba yetu sote, alikaa njiani siku mbili na akasimamishwa na askari mara sita, na kila mara alimwaga mkoba wake barabarani na kuokota pini zake moja moja. Tulipokaa vitini, Memsaab mliyemleta kutoka Nairobi alichora sindano ubaoni, ndefu kama mchi wa kinu, akatuonyesha kwa fimbo tundu liko upande gani.

Ukitujumlisha sisi kumi na tisa tuna zaidi ya miaka mia nne ya kutia uzi. Murithi wa Kianjokoma, aliyekaa mbele yangu, aliandika kitu katika daftari lake, nikachungulia nikidhani ameona jambo ambalo mimi sikuliona. Alikuwa ameandika, "Sindano ina tundu." Sisemi kwamba Memsaab alikosea. Tundu liko palepale alipolionyesha, na sauti yake ilikuwa ya upole. Nasema tu kwamba mtu hamwiti mkulima wa Kianjokoma kutoka shambani kwake ili kumjulisha kwamba jembe lina mpini.

2. Kuhusu wateja. Siku ya pili tulifundishwa namna ya kumpendeza mteja. Tuliambiwa fundi mwema humaliza kazi siku ile aliyoahidi. Ukumbi mzima ulikohoa. Bwana Katibu, hilo tunalijua, kama mlevi anavyojua kwamba pombe ni mbaya. Lile tusilolijua ndilo hili: chifu anakuja dukani, anataka koti kama lile la mwaka wa arobaini na tisa, kwa kipimo kilekile, na tumbo si lilelile. Ukimwambia, umemtukana. Usipomwambia, vifungo vitamwambia mbele za watu, na mwenye kulaumiwa ni wewe. Mambo ya namna hii hayamo katika kitabu cha Memsaab.

Yamo katika kichwa cha Mzee Mithika. Alinieleza tukiwa tunanawa mikono: mpime mkubwa wako kama kawaida, nambari ya zamani uisome kwa sauti, na ile ya kweli uiandike kimya. Mkubwa anafurahi, koti linafunga, na serikali inaendelea. Nimefanya kazi hii tangu mwaka wa thelathini na sikuwahi kuambiwa jambo la faida kama hilo, na nililipata kwenye bomba la maji. Ningeomba mkutano ujao mambo ya bomba yaingie ukumbini.

3. Kuhusu makoti mazuri. Kila aliyepanda jukwaani alikuja na nguo iliyokwisha, imepigwa pasi, haina doa. Mnatuonyesha za nini? Koti lililokwisha limefunga vifungo na mdomo pia. Fundi mchanga aonyeshwe koti zuri ili apate hamu. Fundi mkongwe aonyeshwe koti lililoharibika, na aliyeliharibu asimame kando yake aeleze alifikiri nini saa ile alipoweka mkasi. Hapo tungekaa kimya kwa heshima, na pasingekuwa na mtu wa kukohoa.

Ili msidhani natia wenzangu aibu peke yao, naanza na yangu. Mwaka wa arobaini na mbili nilimshonea mwalimu Njue wa Karurumo koti lenye mikono miwili ya kushoto. Alilivaa mwaka mzima. Alikuwa akilalamika kwamba upepo wa Karurumo siku hizi unavuma upande mmoja tu, nami nikakubaliana naye juu ya upepo. Sijawahi kulisema hilo katika mkutano wowote. Ningelisema katika wenu kama mngeuliza, na nadhani wenzangu kumi na wanane nao wangefungua mioyo, maana niliona nyuso zao.

4. Kuhusu chai. Nimepiga hesabu. Kwa siku tatu tulipewa hotuba za saa kumi na nane na chai ya dakika sitini, yaani dakika kumi asubuhi na kumi alasiri. Katika saa kumi na nane nilijifunza kwamba sindano ina tundu. Katika dakika sitini nilijifunza namna ya kukata kola isiyosimama shingoni, dawa ya kitambaa kinachorudi kikifuliwa, na kwamba pasi ya makaa ikiwekewa jani la mgomba chini haiachi masizi. Viazi vitamu pia vilikuwa vizuri, nawashukuru akina mama waliopika.

Lakini chai yenyewe haikuachwa itulie. Siku ya tatu Mzee Mithika alianza kutuonyesha mfuko aliobuni kwa ajili ya wafanyabiashara wa miraa wa Kangeta. Ni mfuko wa ndani wa koti. Unabeba mafungu mawili hadi Nairobi, hayanyauki, na koti halivimbi upande mmoja. Tulimzunguka watano. Alikuwa amegeuza bitana nje, ameshika mshono kwa vidole viwili, na anasema siri yote iko hapa, mara askari aliyewekwa mlangoni akaja akatuuliza huu ni mkutano gani. Tukamwambia ni mkutano wa mafundi, ndio uliotuleta. Akasema mkutano wenye kibali uko ndani, huu wa nje hana habari nao. Tulipokuwa tukitafakari jambo hilo kengele ikalia. Mzee Mithika amerudi Kangeta na mshono wake. Ana miaka sabini na mbili.

Unaelewa sasa shida yetu. Kwa sheria za Hali ya Hatari mafundi watano hawawezi kusimama pamoja pahali popote isipokuwa katika mkutano wenu, na katika mkutano wenu hawawezi kusimama pamoja kwa sababu kuna hotuba. Nilitaka kupendekeza kwamba mkutano ujao uwe chai ya siku tatu na hotuba ya dakika kumi. Nilikuwa nimeshaliandika pendekezo hilo kwa usafi. Halafu nikafikiri zaidi, nikaona ni dogo mno, nami si mtu wa kuomba nusu ya kitu.

5. Kuhusu Ndambiri. Nadhani unamfahamu, ana cherehani kwenye baraza karibu na soko. Kabla ya kukamatwa mwaka wa hamsini na tatu Ndambiri hakuweza kushona foronya ikawa na pembe nne. Suruali zake mtu alipokaa zenyewe zilibaki zimesimama. Mwaka jana alitoka kizuizini, akafungua baraza, na koti la kwanza alilolitundika nilipita mbele yake mara tatu nikijifanya natafuta mbuzi. Kola imelala. Mkono umeingia begani bila mkunjo. Bitana imekaa kama ngozi ya yai. Makarani wote wa ofisini wamehamia kwake, na sikuweza kuwalaumu.

Nilikwenda nikamwuliza bila haya, mimi mwenye miaka yangu. Akaniambia kambini aliwekwa katika nyumba ya cherehani, wakishona sare za askari. Kulia kwake alikaa fundi mkubwa wa Nairobi aliyekuwa akiwashonea Wahindi matajiri, na kushoto kwake mkataji mmoja wa Nyeri. Akakaa katikati yao miaka miwili. Hawakuwa na la kufanya ila kushona na kuulizana. Hakuna kengele. Hakuna Memsaab. Mtu akiuliza jambo Jumatatu anaweza kujibiwa Alhamisi, na mwenye kujibu bado yupo palepale.

Bwana Katibu, nakuomba uliangalie jambo hili bila hasira, kama mimi nilivyoliangalia. Sisi tulioitwa watiifu tulipewa siku tatu na sindano ya chaki. Yeye aliyeitwa mbaya alipewa miaka miwili na mafundi wawili bora wa nchi. Ukichukua kila kitu ambacho fundi mwenye uzoefu anakitaka katika mkutano, yaani wenzake wa kiwango chake, kazi halisi mikononi, nafasi ya kuuliza na mtu asiyeondoka mapema kuwahi basi, utaona serikali imekwisha kukijenga, imekizungushia seng'enge, na inakiita jina jingine. Washiriki wametoka pembe zote. Chakula nasikia ni kibaya, lakini hata maharage yenu ya siku ya pili yalikuwa na mawe.

6. Kuhusu ombi langu. Kwa hayo yote, naomba kwa heshima nitiwe kizuizini.

Si lazima iwe kwa muda mrefu. Siku tisini zingetosha kwa mkono wa koti na bega, na kama mtaona inafaa mnaweza kuongeza nyingine kwa ajili ya kola. Naomba pia Mzee Mithika atiwe pamoja nami, kwa ajili ya umri wake, apewe blanketi mbili. Murithi wa Kianjokoma naye atiwe, maana ni mtu mwema na anaandika kila kitu. Tutakuja na mikasi yetu ikiwa itaruhusiwa. Ikiwa haitaruhusiwa, tutaeleza kwa mikono.

Ombi langu kubwa ni juu ya kambi yenyewe. Nataka kupelekwa alipo Runji.

Runji wa Karurumo ndiye mwenzangu niliyemtaja hapo juu. Tulianza pamoja mwaka wa thelathini, yeye Mkristo na mimi Mwislamu, duka moja, milango miwili, kila mtu akiingilia wake. Yeye alikata, mimi nilishona. Ijumaa alinichungia duka nikienda kusali, Jumapili nikamchungia. Watu wa Embu walipoona koti barabarani hawakusema ni la Sulemani wala la Runji, walisema lile ni la pale nyuma ya msikiti. Alipoondoka aliondoka na bega. Sijui nieleze vipi kwa mtu asiyeshona. Mtu akisimama mbele ya Runji, Runji alimtazama kama anayemsikiliza, halafu akaweka mkasi bila kuchora mstari, na bega la koti likatoka limeshuka palepale bega la mtu lilipokuwa limeshuka. Nimejaribu miaka miwili na nusu. Makoti yangu sasa yanawakaa watu kama yameazimwa.

Hilo ndilo jibu la swali la tisa, kama unataka neno moja. Nataka kujifunza bega. Hakuna Memsaab anayeweza kunifundisha, na anayeweza mko naye ninyi. Na kwa kuwa huko aliko ameketi miaka yote hiyo kati ya mafundi wa nchi nzima, wakimwuliza na yeye akiwauliza, naamini kwa sasa hakuna mkataji kama yeye kutoka hapa hadi Mombasa. Kusema kweli namwonea wivu. Nimemwambia mke wangu Mwanarusi hivyohivyo, akaacha kuchambua mchele akaniambia, "Baba Yusuf, watu wanaomba sukari, wanaomba chumvi. Wewe ni wa kwanza kuomba jela, na unaiomba kwa mwandiko mzuri." Nimemweleza kwamba ni kwa ajili ya kazi.

7. Kuhusu sifa zangu za kukubaliwa. Najua watu hawatiwi kizuizini ovyo, na kwamba wengi wanaotaka mambo ya serikali hurudishwa kwa kukosa sifa. Mimi ninazo. Naomba hili ulisome polepole kidogo.

Runji alichukuliwa Ijumaa moja ya Septemba, mwaka wa hamsini na nne. Mimi nilikuwa msikitini. Homgadi wa serikali waliingia dukani wakaona zile karatasi za kaki tunazokatia, zimening'inia kwenye misumari. Kila karatasi ilikuwa na jina la mtu na nambari zake na mishale. Riungu, thelathini na nane. Njue, arobaini. Shingo, kumi na tano na nusu. Kata hapa. Wakauliza watu hawa ni kina nani na nambari hizi ni za nini. Mmoja wao aligeuza karatasi ya kwapa akasema hii ni kona ya mto Rupingazi, anaijua, amezaliwa huko, na alama za vifungo akasema ni vibanda vya msituni. Vilikuwa vitano, vya koti la mwalimu.

Runji aliwaambia ni makoti. Wakasema vizuri, tuonyeshe makoti yenyewe. Hayakuwapo. Wiki ile, Bwana Katibu, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi, tulikuwa tumemaliza nguo zote siku ile tuliyoahidi na wenyewe wamezichukua. Tungekuwa mafundi wa kawaida, wa njoo kesho, yangekuwa yametundikwa pale mstari mzima na mwenzangu angelala kwake. Sikulisema hili kwenye hotuba ya siku ya pili kwa sababu Memsaab alikuwa mgeni.

Halafu wakauliza mwandiko huu ni wa nani. Runji haandiki. Anajua nambari na anajua kusoma Biblia ya Kikikuyu polepole, lakini kalamu hajawahi kuipenda. Mwandiko ulikuwa wangu wote, kila jina na kila mshale. Kama wangempa penseli wangejua kwa dakika moja. Alisema ni wake. Niliporudi kutoka kusali nilikuta kiti chake na mkasi uko wazi juu ya kitambaa cha mtu.

Ningeweza kwenda siku ileile nikasema. Boma la serikali si mbali, unalijua. Nilivaa kofia nikafika kwenye ule mti wa mvinje njiani, nikarudi. Siku ya pili nilisema nitakwenda. Siku ya tatu nilijiambia kwamba wakitukamata wote wawili nani atalisha nyumba mbili, na hoja hiyo ilikuwa nzuri sana, nimeitumia mpaka leo. Kila mwezi nampelekea mke wake Wanjira unga na kitambaa cha watoto, naye hunishukuru, na nikishukuriwa huwa natafuta mlango. Niliogopa, Bwana Katibu. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Kwa hiyo mtaona sifa zangu zinatosha, na kwa kweli zinazidi zake. Nafasi ile ilikuwa yangu tangu mwanzo, mwenzangu ameikalia kwa heshima tu. Mkitaka kulinganisha mwandiko, barua hii mnayo.

8. La mwisho ni dogo. Vyeti mlivyotupa vina mchoro wa cherehani ambayo gurudumu lake liko upande wa kushoto. Hakuna cherehani ya namna hiyo. Changu nimekitundika hata hivyo, wateja wanakipenda.

Naishia hapa ili nisikuchoshe. Nisalimie wanakamati wote. Nisalimie Memsaab, na umwambie sindano yake ilichorwa vizuri sana. Nisalimie yule askari wa mlangoni, alikuwa na haki kwa upande wake. Mwanarusi anakusalimu ingawa hakubaliani nami. Nangoja jibu, au gari, lolote litakalotangulia.

Mimi niliye tayari wakati wowote isipokuwa Ijumaa saa sita,

Sulemani bin Idrisi

NYONGEZA, Alhamisi tarehe 14.

Bwana Katibu, barua hii ilikuwa bado mezani inangoja stempu. Jana adhuhuri Runji aliingia dukani. Lori liliwashusha waliofunguliwa penye boma, akatembea. Aliingilia mlango wake.

Nina aibu kusema kwamba kabla ya kumpa maji nilimwuliza amejifunza nini kwa wale mafundi. Nilikuwa na karatasi tayari. Akasema nyumba ya cherehani ilikuwa ya watu wachache, yeye alipelekwa kuvunja mawe. Nikamwuliza, hata mmoja hukukutana naye? Akasema alikutana na yule mkataji wa Nyeri, alipotolewa kwenye cherehani. Walilala mkeka mmoja miezi minane. Nikamwuliza walizungumza nini. Akasema walizungumza chakula.

Nilimpa mkasi wake. Nilikuwa nimeutia mafuta kila Jumapili. Kidole gumba hakikuingia kwenye pete. Akajaribu mkono mwingine, akaucheka, akaurudisha mkasi juu ya kitambaa vilevile ulivyokuwa. Mikono yake imekuwa mikubwa, Bwana Katibu, na vidole havifungi vyote. Leo asubuhi alitaka kunisaidia kutia uzi na nikatoka nje nikasema namwita Mwanarusi.

Kwa hiyo naomba haya yote yafutwe, la kwanza mpaka la sita, na lile la nane. La saba liacheni, kwa sababu ni kweli. Mkutano wenu ulikuwa mzuri. Nilikuwa sijauelewa. Naomba ufanywe tena upesi, na Memsaab yuleyule, na aanze mwanzo kabisa, na asiharakishe kwa ajili ya wakongwe. Naomba nafasi mbili. Runji anasema hawezi kwenda kukaa na vijana kufundishwa kushika mkasi, na nimemwambia si kwa ajili yake, ni mimi niliyeitwa, yeye atanisindikiza tu. Tutakaa nyuma.

Kuna jambo moja tu la kumwambia Memsaab. Akifika wakati wa kuuliza maswali, na akimwona Runji ameinamisha kichwa, asimwulize yeye. Aniulize mimi kwanza. Nitakosea.

S. b. I.